Pikipiki Ndefu Kuliko Mwenyewe

Alfajiri, giza likiwa bado limetanda mjini kwetu Broken Hill, nilisikia mfuniko wa birika ukigongagonga jikoni. Mume wangu Brodie alikuwa ameamka. Yeye na rafiki yake Kel walikuwa wanaanza safari ya jangwani, naye aling'ang'ania kwenda na pikipiki yake mpya.

Niisifie nini? Kiti kiko juu kama cha ngamia. Kioo cha mbele kinamrushia upepo usoni badala ya kuuzuia. Injini inamchoma mapaja, halafu eti usukani una kipasha joto cha viganja, kwa jua hili letu.

"Nenda na ile ya zamani," nilimwambia. "Hii ikikulalia mchangani, utatokaje?"

"Kel atanicheka mwaka mzima, mpenzi."

"Bora akucheke kuliko anipigie simu."

Uani, Kel alikuwa anabonda kopo tupu la bia kwa buti, la kuweka chini ya stendi ya pikipiki isizame mchangani. "Panda basi, mkubwa. Au nikuletee ngazi?"

Brodie akapanda. Akaitafuta ardhi kwa ncha za vidole, akaikosa, na lile dude likamlaza taratibu juu ya maua yangu. Hakuumia. Tuliliinua watatu.

"Stendi yake ni fupi," alinung'unika, huku akifungua mizigo na kuihamishia kwenye ile ya zamani.

"Stendi ulikuwa umeikunja, kaka," Kel alisema.

Binti yetu Tilly alikuwa amesimama mlangoni na blanketi lake.

"Baba, miguu yako haifiki chini."