Sitara ya Dizeli

"Sikiliza," alisema Taratibu. "Sikiliza vizuri, itaanza sasa hivi."

Fundi aliinama juu ya injini, akaziba sikio moja kwa kidole chenye grisi. Kiti cha mbele kilikuwa kimeinuliwa, maana katika magari ya mizigo ya aina ile injini hukaa chini ya makalio ya dereva, na dereva hupikwa nayo polepole miaka nenda miaka rudi. Injini ilizunguka laini. Ungeweza kuweka glasi ya maji juu yake na maji yasimwagike.

"Sisikii kitu," alisema fundi.

"Ni kama mkanda unaoteleza. Au beringi inayoanza kufa. Inalia kwa chini, inakatika, halafu inalia tena."

"Mkanda ni mpya, nimeufunga mwenyewe. Beringi nimezigusa moja baada ya nyingine. Mzee wangu, injini hii haina kasoro. Tuanze kuangalia masikio."

Fundi huyu walimwita Redio, kwa sababu kinywa chake hakikuwa na swichi. Alikuwa anaongea akiwa chini ya gari, anaongea akila, na wateja waliapa kwamba hata usingizini alikuwa anataja bei za vipuri. Lakini kazi yake ilikuwa safi, na Taratibu hakumpelekea gari fundi mwingine.

"Ipo, nakwambia. Kila nikimpeleka mama watoto hospitali inalia. Nikifika kile kipande kibovu cha barabara ndiyo inazidi."

"Na ukibeba mizigo?"

Taratibu alifikiri kidogo. "Nikibeba mizigo hailii."

"Basi endelea kubeba mizigo," alisema Redio, akacheka peke yake, akarudisha kiti mahali pake.

Jina la Taratibu alipewa na madereva wenzake, na halikuwa la kumsifu. Alikuwa anaendesha gari kana kwamba amepakia mayai, hata siku aliyopakia saruji. Saruji, mbao, mabati, nondo fupi: ndiyo kazi iliyomlea yeye na watoto wake, akitoa vitu kwenye duka la vifaa vya ujenzi na kuvifikisha kwenye nyumba za watu. Zamani, kabla ya watoto, utingo wake alikuwa mkewe. Msichana mwembamba aliyefunga kitambaa kichwani, akikaa nyuma juu ya mizigo, akigonga lile bati linalotenganisha dereva na nyuma. Kugonga mara moja ni simama. Mara mbili ni twende. Walikuwa wanacheka siku nzima, mume mbele, mke nyuma, bila kuonana.

Mpaka uzeeni alimwita Utingo. Mkewe naye alimwita Dereva. Majirani walishazoea.

Kisha ugonjwa ukamwingia Utingo mifupani, na gari lile lile likawa la kumpeleka hospitali. Walitandika godoro nyuma, palipokuwa panakaa saruji. Binti yao alimshika kichwa, Taratibu akamshika miguu, wakamlaza, binti akabaki na wajukuu, mlango ukafungwa. Safari ilikuwa ndefu na barabara ilikuwa imeliwa na mvua. Dizeli ilinguruma, ikatikisa bati, ikatikisa sakafu, ikatikisa hadi meno, na Taratibu mbele alikuwa anaumia kwa kila mtikisiko. Alijua mifupa ile imelala juu ya nini.

Walipofika, mkewe alikuwa na neno moja kila mara. "Usizime kwanza, Dereva. Iache ipumue." Taratibu mwenyewe ndiye aliyemfundisha hilo ujanani: dizeli iliyotoka mbali haizimwi ghafla, huachwa ingurume kidogo ipoe. Basi alikuwa anasubiri. Baada ya muda bati liligongwa mara mbili, naye akazima, akazunguka kufungua mlango, akamkuta mkewe ameketi, uso umepanguswa, kitambaa kimefungwa upya. Alijisikia fahari kwamba hata katika ugonjwa bado anaikumbuka injini.

Dizeli ilipoanza kutoa moshi mweupe na kukosa nguvu, Redio alimwekea mambo wazi. "Njia ni mbili, mzee wangu. Tuifungue hii, tuweke pistoni na ringi mpya, ikurudie kama ulivyoizoea. Au nikufungie ile petroli pale, imetoka kwenye gari lililogongwa nyuma, injini yenyewe bado mbichi. Sikufichi: petroli inakunywa mafuta, na mlima na saruji haiviwezi. Lakini haina kelele, haina moshi, haitikisi."

"Haitikisi kabisa?"

"Utashuka kuangalia kama imewaka."

Taratibu hakuuliza kitu kingine. Jioni ile alimkuta mkewe kitandani anakunja nguo za wajukuu, akamweleza. Alidhani atafurahi.

"Mimi nataka dizeli," alisema mkewe.

"Tangu lini utingo akawa na kauli kwenye injini?"

Alicheka. Kisha akaacha kukunja nguo. "Nakuomba, Dereva. Tengeneza ile ile."

"Si inakuumiza?"

"Nimeizoea."

Taratibu alimjua mkewe. Ndiye mwanamke aliyekula ukoko miaka yote na kusema anaupenda. Sasa anataka kutikiswa mifupa ili mumewe asikose kubeba saruji! Taratibu aliguswa, akatoka nje, na kesho yake akamwambia Redio afunge petroli.

Madereva wenzake walimtania wiki nzima. "Taratibu, siku hizi unaendesha cherehani? Nishonee suruali!" Mwenye duka, kwa upole, akampa saruji mtu mwingine na kumwachia yeye magodoro na mabomba ya plastiki. Taratibu hakujali. Siku ya kwanza kumpeleka mkewe hospitali na injini mpya, gari lilikwenda kama linateleza juu ya mafuta. Walipofika akazima pale pale, akajisifu kupitia kidirisha cha kwenye bati: "Umeona? Petroli haina haja ya kupumua!" Alipofungua mlango, mkewe alikuwa bado amelala ubavu, ameng'ata ncha ya kitambaa chake. Alimtazama kama mtu aliyefunguliwa mlango anaoga. Kisha akatabasamu, akasema gari ni zuri sana, ahsante.

Na tangu siku hiyo ikaanza ile sauti.

Asubuhi iliyofuata baada ya kutoka kwa Redio walikuwa na safari ya hospitali. Taratibu aliamua kumaliza ubishi. Kuna njia ya zamani ya kujua kama mlio unatoka kwenye injini au kwenye magurudumu: unatafuta mteremko, unatoa gia, unazima injini, unaliacha gari lishuke lenyewe, unasikiliza. Mteremko ulikuwa pale pale, mwanzo wa kipande kibovu.

Gari lilianza kuruka mashimo, na sauti ikaja. Kwa chini, ikikatika, ikirudi. Taratibu akatoa gia, akageuza ufunguo.

Injini ilinyamaza. Sauti haikunyamaza.

Iliendelea kwa kitambo kifupi, wazi kabisa, ndani ya kimya kile cha magurudumu yanayoteremka. Haikuwa mkanda. Haikuwa beringi. Ilikuwa ya mtu aliyebana meno, na ikakatika ghafla, kama mtu aliyezibwa mdomo.

Taratibu alilielekeza gari pembeni likasimama lenyewe. Mikono ilibaki kwenye usukani. Alitaka kushuka akafungue mlango wa nyuma, na hakuweza, maana alikumbuka jinsi mkewe alivyomtazama siku ile.

"Utingo," aliita.

"Nipo. Mbona tumesimama?"

"Ni wewe."

Mtu mmoja alipita na baiskeli, akawasalimia, hakujibiwa, akaenda zake.

"Ni wewe," alirudia Taratibu. "Nimefungua injini ya watu kila siku natafuta mlio, kumbe ni wewe. Kwa nini hukuniambia inauma hivyo?"

"Nikuambie ili iweje? Ukinisikia nalia unapunguza mwendo mpaka tunapitwa na mbuzi. Halafu unarudi nyumbani huli."

Alisema kwa utani wake ule ule, lakini pumzi ilikuwa fupi. Taratibu aliegemeza kichwa kwenye bati.

"Nyumbani kuna watoto," mkewe aliendelea, polepole sasa. "Ukuta ni wa mbao, wanasikia hata nikigeuka. Hospitali kuna wenzangu wenye hali mbaya kuliko mimi, naona haya. Nilikuwa na mahali pamoja tu pa kulilia, Dereva. Humu. Ile dizeli ilikuwa inanitikisa, sikatai. Lakini ilikuwa inanisitiri. Nikishapanda nalia mpaka hospitali, nalia kwa sauti, namwita mama yangu, na wewe hapo mbele husikii. Tukifika naomba usizime, najifuta uso, nagonga bati. Nikishuka nakuwa mtu tena."

Taratibu alilia. Alilia bila kujificha, kwa sababu hakuwa na pa kujificha. Injini ilikuwa imezimwa na mkewe alikuwa nyuma yake, upande wa pili wa bati jembamba, anasikia kila kitu.

"Unaona?" alisema mkewe. "Ndiyo maana."

Siku iliyofuata Taratibu alikuwa kwa Redio kabla ya karakana kufunguliwa.

"Dizeli yangu iko wapi?"

"Dizeli gani? Kichwa kiliondoka na mwenye basi. Pampu nimemfungia mtu. Bloku ile pale, wateja wanaikalia wakisubiri." Redio alimwangalia. "Usiniambie unataka kurudi nyuma."

Taratibu alikwenda akaweka kiganja juu ya chuma kile. Kilikuwa baridi, na matundu ya pistoni yalikuwa yamejaa majani. Akarudi.

"Kata sailensa. Weka bomba tupu."

"Nini?"

"Nataka ipige kelele."

"Watu wanakuja hapa niwazibie, wewe unataka nikutoboe? Ulitaka kimya nikakupa kimya! Mji mzima utakugeukia, trafiki watakusimamisha kila kona, mafuta..." Redio alikuwa amefungulia. Taratibu alisimama tu. Kilio kile hakikuwa mali yake ya kugawa. Labda ni uso wake, labda ni vile macho yalivyovimba, lakini katikati ya sentensi Redio alinyamaza, jambo ambalo karakana nzima iliacha nyundo kulishangaa.

"Mama anaendeleaje?" aliuliza.

"Yupo."

Redio alichukua msumeno wa chuma, akaingia chini ya gari bila kusema neno.

Walimpandisha Utingo asubuhi ya safari nyingine. Alikuwa amekuwa mwepesi. Binti yao aligeuza uso asionekane. Taratibu alikizungusha kioo cha ndani kikatazama paa, akawasha. Gari lilinguruma hadi kuku wakatawanyika. Barabarani watu waligeuka, madereva wenzake wakampungia na kupiga kelele ambazo hakuzisikia. Alipofika kwenye kipande kibovu, Taratibu, yule Taratibu, hakupunguza mwendo. Aliingiza gia nzito, akakanyaga mafuta, bomba likanguruma mpaka bati nyuma ya kichwa chake likatetemeka. Aliangalia mbele. Kama kulikuwa na kitu cha kusikia, hakukisikia, na machozi yake mwenyewe yalimtoka mpaka kwenye kola.

Kwenye geti la hospitali alisimama bila kuzima. Mlinzi alitoka kwenye kibanda, akaziba masikio, akamwonyesha kwa mkono: zima! Taratibu aliinua kiganja, akamwomba asubiri. Nyuma yake foleni ilianza kujipanga. Mkono wake ulikuwa kwenye ufunguo, mgongo umeegemea bati, akisubiri kugongwa mara mbili.

Mlinzi aliita tena. Bati lilikuwa bado halijagongwa.

Taratibu akakanyaga mafuta kidogo, ili mkewe asidhani anaharakishwa.