Nguo ya Tangi

Tangi la Shangazi Lukresia lilipasuka asubuhi, likamwaga maji ya moto kwenye sakafu ya mgahawa wake, mtaani Lizaboni, Songea. Kwa bahati hakuungua mtu. Shangazi alilalamika mpaka sauti ikamkauka: fundi aliyelitengeneza alimwapia kwamba ni stenlesi halisi, haishiki kutu, na kweli ndani bado lilikuwa liking'aa.

"Si wewe bingwa wa vyuma?" alimwambia Evaline, binti wa kaka yake. "Haya, nieleze."

Evaline alikuwa likizo. Kazi yake ilikuwa ng'ambo, kwenye kinu cha nyuklia kilichojengwa kando ya bahari, na kazi yenyewe ni kutabiri bomba gani litapata ufa, na lini. Stenlesi ina hila zake. Ikibaki na mvutano ndani yake tangu ilipokunjwa au kuchomelewa, ikapata joto na chumvi, huchanika kimyakimya bila hata doa la kutu. Kabla ya kusafiri alikuwa amepiga hesabu za bomba moja la maji moto, akatia saini kwamba ni zima. Mchana wa siku hiyohiyo tangi lilipopasuka, bomba hilo lingejaribiwa kwa shinikizo kubwa, na fundi wa kusimama pembeni yake alikuwa Fulgence, mumewe.

Alipapasa ndani ya tangi. Laini kabisa.

"Maji yako yana chumvi, shangazi?"

"Maji ya Songea na chumvi wapi na wapi?"

Evaline akafungua viroba ambavyo shangazi alilivisha tangi ili maji ya chai yasipoe. Chini yake chuma kilikuwa na nyufa nyembamba, zimetawanyika kama mizizi ya mhindi, zimeanzia nje kuingia ndani.

"Viroba hivi vilikuwa vya nini?"

"Vya chumvi. Nivitupe wakati bado vizima?"

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na bingwa wetu alikuwa ameusahau msemo huo shuleni. Hesabu zake zote zilikuwa za maji yaliyomo ndani ya bomba lile la kinuni. Nalo lilikuwa limevikwa blanketi la kutunza joto, na upepo wa bahari ulikuwa ukililisha chumvi miaka yote. Upande wa nje hakuwa ameupigia hesabu kabisa.

Akampigia Fulgence simu.

"Baba Ida, msipandishe shinikizo. Livueni lile bomba blanketi."

"Mama Ida, si wewe uliyetia saini?"

"Ni mimi. Nimekosea. Livueni."

Akangoja, simu sikioni, shangazi akimkodolea macho. Fulgence aliporudi hewani sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Nyufa zipo. Nyingi. Unajua baridi ya huku. Chakula cha mchana huwa tunakilia hapo, tumeliegemea, maana pana joto."

Evaline akaketi palepale kwenye sakafu yenye maji.

"Hili blanketi," Fulgence alisema, "lina alama ya mgongo wangu."