Kila Mlango Ulilia

Mlango wa duka kubwa ulipolia, Fundi, mshonaji wa mtaa, alikuwa na mche wa sabuni mkononi, risiti kati ya meno, na tyubu ya dawa ya vidonda ndani ya mfuko alioushona mwenyewe. Sabuni ilikuwa imelipiwa. Alisimama palepale, kwa kuwa alilelewa akijua kwamba ukiitwa unasimama, na mlinzi akamwendea taratibu kama anayekwenda kupokea mgeni.

"Samahani, mama. Tuone mfukoni."

Fundi akaitoa tyubu. Ilikuwa dawa ya kupaka vidonda vya mgongo, vile vinavyompata mtu aliyelala kitandani muda mrefu, na mama yake alikuwa amelala muda mrefu. Zahanati ilitoa dawa hiyo bure, lakini dirisha la dawa lilikuwa na jibu lile lile tangu mvua zilizopita: imekwisha. Dukani ilikuwapo, imepangwa vizuri karibu na dawa za meno, kwa bei ambayo Fundi aliisoma mara mbili akidhani macho yamechoshwa na sindano.

Meneja alikuwa mtu mpole. Alisema yeye binafsi hana neno, ila sheria ni sheria, akawapigia simu polisi. Kituoni maelezo yakaandikwa. Wifi yake Fundi akaja kumdhamini na kumletea nguo ya kubadilisha, maana gauni lenye mfuko lilichukuliwa pamoja na tyubu kuwa vielelezo. Fundi akaambiwa aende nyumbani asubiri kuitwa mahakamani.

"Siku za mwizi ni arobaini," wifi alisema njiani. "Wewe umezimaliza zote kabla ya chakula cha mchana. Kazi huijui, uliiingilia ya nini?" Kisha akamshika mkono, na hakumwachia mpaka walipofika.

Walipoingia, mlango wa nyumba ukalia. Ulikuwa mlango wa mbao, hauna waya wala umeme, na ulilia mlio ule ule wa dukani. Kutoka chumbani mama akasema wazime hiyo simu.

Tangu hapo kila mlango aliopita Fundi ulilia. Ulilia wa choo, ukalia wa muuza nyuzi, ukalia wa zahanati. Kwa jirani mmoja, ambako kulikuwa na pazia tu, napo palilia, ila kwa sauti ya chini. Watu waligeuka, wakaona ni Fundi, wakaendelea na shughuli zao. Mtengeneza umeme wa mtaa alikuja na testa yake, akagusa miimo yote ya milango, akasema hitilafu haiko kwenye nyumba, iko kwa mtu, na kazi ya namna hiyo yeye haifanyi. Alikunywa maji akaaga.

Kilichomkosesha Fundi usingizi hakikuwa mlio. Ilikuwa kesi. Mama yake hakuweza kujigeuza kitandani; aligeuzwa, na asipogeuzwa mgongo ulichimbika. Fundi alikaa kwenye cherehani akijiuliza ni nani atakayemgeuza, yeye akiwa gerezani. Swali hilo alimuuliza kila mteja kwa kulizungusha. Aliyeleta suruali ya kupunguzwa alisema wizi wa dukani ni faini tu, watu hulipa wakaenda zao. Aliyekuja kuchukua sare za watoto alisema binamu yake alifungwa kwa sababu ya kuku, tena kuku mwenyewe alikuwa amesharudi kwao kwa miguu yake. Baada ya habari hiyo Fundi alishona zipu juu chini, akaifumua, akaishona tena vilevile.

Jirani wa ukuta mmoja aliitwa Karani. Alikuwa amestaafu kutoka masjala ya mahakama, na tangu astaafu hakuna aliyemuuliza kitu. Alikuja na kiti chake mwenyewe.

"Ni kosa la kwanza?"

"La kwanza na la mwisho, mzee."

"La mwisho usimwambie hakimu, wote husema hivyo. Ukikiri, ukaomba radhi, ukaeleza kuwa una mgonjwa, anaweza kukuachia kwa masharti. Lakini huo mfuko, mwanangu."

"Mfuko una nini?"

"Mtu akitia kitu kwenye mkoba, atasema alipitiwa. Mfuko uliofichwa ndani ya mshono ni jambo jingine. Mahakama haioni moyo. Inaona mfuko."

Mfuko ule Fundi hakuushona kwa ajili ya wizi. Alikuwa akitunza humo chaki na futi ya kupimia, na kwa kuwa alijifunza kukata gauni lenye mfuko huo, hakujua kukata lisilo nao. Nusu ya wanawake wa mtaa walitembea na mfuko wa siri ambao hawakuuagiza. Hakuna aliyewahi kulalamika.

Ni zahanati, Fundi alipokwenda tena kuuliza dawa, ndiko wifi alikochoka kuona watu wakimgeukia. Kabla hawajafika mlangoni alimkumbatia bega, wakaingia wamebanana kama mtu mmoja mnene.

"Penye wengi hapaharibiki neno," alisema. "Tukiingia pamoja, nani atajua mlango unalia kwa sababu ya nani?"

Hakuna kikao kilichoitishwa, ila mtaa ulilichukua jambo hilo. Aliyemwona Fundi akikaribia mlango aliacha alichokuwa akifanya akaingia naye. Muuza mkaa aliingia naye kwa muuza nyuzi, akamchafua bega, akaomba radhi. Mama wa mapacha aliingia naye na mapacha wote wawili. Karani aliingia naye na kiti. Fundi hakupita tena mlango peke yake, na jambo hilo lilimlainisha moyo kiasi kwamba alianza kurekebisha nguo za watu bure, mpaka wifi akamkumbusha kuwa shukrani haichemki ikawa uji.

Siku ya kesi walikwenda wote waliokuwa na nafasi, na baadhi wasiokuwa nayo. Mama wa mapacha alibaki kwa mgonjwa. Mlango wa mahakama ulikuwa mpana, wakaingia kwa pamoja, nao ukalia.

"Ni nani huyo?" askari aliuliza.

"Sisi," wifi alijibu.

"Nani kati yenu?"

"Sisi sote, afande."

Askari aliutazama umati, akaitazama saa yake, akawaambia wakae.

Fundi alisomewa shtaka, akakiri, sauti yake ikatoka nyembamba kama uzi. Mwendesha mashtaka akalinyanyua gauni, akaligeuza ndani nje, akaunyoosha mfuko kwa vidole viwili. "Mheshimiwa, mtu hashoni hiki kwa bahati mbaya." Nyuma yake wanawake walikuwa wakiuangalia mfuko ule, na kila mmoja, bila kupanga na mwenzake, alijipapasa ubavuni. Mmoja alitoa leso. Mwingine alitoa ufunguo aliokuwa ameutafuta tangu asubuhi. Wifi alitoa pipi, akaila. Hakimu mwenyewe, ambaye alikuwa mama wa makamo, aliingiza mkono chini ya joho akatoa miwani, akaivaa, akaandika kitu kifupi.

Kisha meneja aliitwa kutoka nje aje kuitambua mali yake. Alipoingia mlango ulilia. Aliingia peke yake, na haukunyamaza mpaka alipofika mbele na kusimama. Askari alitazama dari. Mwandishi wa mahakama aliendelea kuandika.

Hakimu aliishika tyubu. Joto la chumba lilikuwa limelegeza gundi, na kibandiko cha bei kilimbakia kidoleni. Chini yake kulikuwa na maandishi ya kijani: MALI YA SERIKALI. HAIUZWI. Hakimu aliyasoma, akampa mwendesha mashtaka ayasome, akarudishiwa.

"Hii ni mali yako?"

"Ni yangu, mheshimiwa," meneja alisema kwa upole wake.

"Yaliyoandikwa hapa hayamo kwenye shtaka lililo mbele yangu," hakimu alisema. Akakirudisha kibandiko mahali pake, akakikandamiza kwa kidole gumba.

Fundi aliachiwa kwa masharti: asitende kosa lolote kwa mwaka mzima. Gauni arudishiwe yeye. Tyubu arudishiwe meneja. Wifi, ambaye huwa halii msibani wala harusini, alilia hadharani mpaka askari akampa kiti. Karani aliwaambia wote waliomkaribia kwamba yeye alishasema tangu mwanzo.

Alasiri ile tyubu ilikuwa imesharudi kwenye rafu, ikiwa na kibandiko kipya kilichogandishwa vizuri zaidi. Wanawake walikuwa wamechanga fedha. Fundi alibaki ng'ambo ya barabara, maana masharti ni masharti, na wifi akaingia na wenzake, akalipa, akachukua risiti. Walipotoka mlango ulilia.

Mlinzi akaja taratibu, ni yule yule. "Mmelipa?"

Wifi akampa risiti. Mlinzi akaisoma mbele, akaigeuza, akaisoma nyuma ambako hakukuwa na kitu.

"Sasa mlango unalia nini?"

"Wewe si ndiye unayekaa nao kutwa?"

Mlinzi aliutazama mlango, akaitazama tyubu. "Piteni, mama zangu," akasema, akawashikilia mlango mpaka wa mwisho akapita.

Hadi leo mlango ule humlilia kila anayeinunua dawa hiyo, amelipa au hakulipa, na mlinzi huwapungia mkono wapite. Meneja alikwishaagiza sauti ipunguzwe. Kule zahanati dirisha la dawa bado linajibu kuwa imekwisha.

Walimsindikiza Fundi mpaka ndani, wote, wakisukumana kizingitini, na mlango wa mbao ukawalilia kwa nguvu zake zote. Fundi aliwashika mikono mmoja mmoja. Alitaka kusema neno zuri, neno lenyewe likagoma, akasema asanteni, akalirudia mpaka muuza mkaa akamwambia inatosha, wamesikia. Kisha akaingia chumbani na tyubu.

"Leo umekuja na wengi," mama alisema, uso umeelekea ukutani.

"Wamenisindikiza, mama."

"Ulikuwa wapi?"

Fundi hakuwa amemwambia lolote, siku zote zile. Alifungua kifuniko cha dawa.

"Mahakamani. Niliiba dukani, mama, wakanikamata."

"Na umerudi."

"Nimerudi."

"Basi nigeuze," mama akasema, na Fundi akamgeuza.