Kisu Yangu

Jumamosi moja, baada ya chakula cha mchana, Baba aliinua kichwa kutoka kwenye karatasi zake akauliza, "Nani amechukua kisu yangu?"

Mdogo wangu alicheka. Yeye ni fundi wa friji, na ngeli kwake ni kama adabu za ukweni: anajua zipo, basi. "Leo Baba ananiigiza," alisema.

Mama hakucheka, wala mimi. Baba ni msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji. Vitabu hupita mikononi mwake kabla ya kwenda mtamboni, na wenzake humwita Mzee Ngeli, mbele yake na nyuma yake. Siku ya harusi yao mfungishaji ndoa alisema "viapo hizi," na Baba akasema "hivi" kabla ya kusema "nakubali." Mama hudai ndoa yake ilifungwa kwa kionyeshi.

"Kisu ya nani?" Mama aliuliza, akimtega.

"Yangu. Ile ya kuchongea penseli. Na ile mlango ifunge, mwanga inaniumiza."

Makosa yalifuatana kama siafu. Lakini kilichonitisha hakikuwa makosa yenyewe, bali kwamba hakuyasikia. Kichwa kilikuwa kikimuuma tangu katikati ya wiki, naye akazilaumu herufi ndogo za kitabu cha sheria.

Mimi hukagua mizani za madukani. Mizani ambayo haijawahi kukosea ikikosea hata kwa punje, hubishani juu ya punje, unaifungua. Nilichukua funguo za gari.

Daktari aliyetupokea alikuwa kijana mpole mwenye viatu vilivyopinda visigino. Alimwambia Baba anyanyue mikono, atabasamu, ambane vidole. Baba alivibana hata daktari akabaki anavipuliza.

"Hii ni nini, mzee?"

"Saa."

"Na hii?"

"Kiatu. Kiatu yako. Imechakaa."

"Mnaona?" daktari alitugeukia. "Ameitambua kiatu, na utani anao."

Mama alifumba macho kidogo, kama mtu aliyetafuna kijiwe. "Daktari, mwanangu, ni kiatu chako. Kimechakaa."

"Najua, mama. Nitanunua zingine."

"Sizungumzii viatu. Nazungumzia huyu. Huyu hasemi hivi."

"Lakini watu wengi wanasema hivi, mama. Hata mimi."

"Wewe ukisema ni mazoea. Yeye akisema ni ugonjwa."

Daktari alitabasamu kwa heshima, akaanza kuandika dawa za maumivu. Tungerudi Jumatatu kama hali ingebadilika. Sikumlaumu. Mbele yake alikuwa mtu mwenye nguvu, anayeelewa kila kitu, na anayesema kama nusu ya waliokuwa kwenye foleni. Baba wa jana hakuwa amekutana naye.

"Una sauti ya Baba kwenye simu?" nilimuuliza mdogo wangu.

Alikuwa nazo tele. Baba hajibu ujumbe, husahihisha tu. Jana yake jioni mdogo wangu alikuwa amemwandikia kwamba kazi imekwisha na vifaa zote zimefungwa. Akabonyeza jibu, sauti ikajaza chumba:

"Wewe kijana, hakuna vifaa zote. Ni vifaa vyote. Kifaa kimoja kikiharibika, vingine vyote vinakisindikiza. Sentensi nayo ni hivyohivyo."

Daktari aliirudia mara ya pili. Kisha akamwomba Baba aseme maneno yaleyale.

"Kifaa moja ikiharibika," Baba alisema bila wasiwasi wowote, "zingine yote inaisindikiza." Akamkazia macho mdogo wangu. "Umesikia?"

"Nimesikia, Baba," mdogo wangu alisema.

Daktari aliweka kalamu chini. "Hii ni sauti ya jana?"

"Jana jioni," nilisema.

Aliichana karatasi ya dawa, akaleta kiti cha magurudumu na kukisukuma mwenyewe hadi kwenye chumba cha picha.

Tulisubiri kwenye korido, sote watatu kwenye benchi la watu wawili.

"Akirudi nusu je?" Mama aliuliza.

"Tutamzoea," mdogo wangu alisema. "Mbona mimi mmenizoea."

Mama alimpiga kibao cha bega, kisha akauacha mkono wake palepale.

Picha ilionyesha donge la damu ndani ya mshipa unaorudisha damu kutoka kwenye ubongo, upande unaotunza lugha. Daktari alisema jambo hilo ni nadra. Alikuwa amelisoma chuoni, hajawahi kukutana nalo. Alisema pia, bila kuzunguka, kwamba kama Baba angelala na dawa za maumivu tu, huenda angeamka bila neno hata moja, au asingeamka. Wakamwanzishia sindano za kuzuia damu isigande.

Kilichobaki kilikuwa kujua kama anapona, na hapo daktari alikwama. Kila asubuhi alimwomba Baba aseme lolote, akasikiliza kwa makini, kisha akamgeukia Mama. "Masikio yangu hayaaminiki, mama. Wewe ndiye kipimo."

Mama alivaa cheo hicho kama koti jipya. Alikaa kando ya kitanda, mikono kifuani. Watu walirudi kwanza katika sentensi za Baba, ingawa kwa kuteleza: mtu huyu, watu hawa. Kisha miti. Vitu viligoma.

"Bado," Mama alisema.

"Lakini mimi nimemwelewa yote," daktari alisema.

"Kumwelewa umemwelewa. Bado."

"Mke yangu ana roho mbaya," Baba alimlalamikia daktari.

"Mke wako," Mama alisema. "Bado kabisa."

Nadhani alifaidi, baada ya miaka yote ile. Lakini usiku, nyumbani, nilimsikia akirudia sentensi za Baba peke yake jikoni, akitafuta iliyonyooka.

Asubuhi moja daktari alimkuta Baba akinywa supu aliyoletewa na Mama. "Haya, mzee. Sema lolote."

Baba alikitazama kijiko. Akakinusa. Akamtazama Mama.

"Kijiko hiki," alisema polepole, kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, "ulichoniletea... kinanuka kitunguu."

Mdogo wangu aliacha kutafuna. Daktari alishika kalamu, akamgeukia Mama.

Mama alikichukua kijiko, akakinusa mbele na nyuma, bila haraka.

"Hakinuki," alisema. "Lakini andika, mwanangu: sahihi."