Nyati Aliyeogeshwa

Mama Khalayi alikuwa ameuza supu ya mifupa miaka ishirini na mitatu, na hakuna mfupa wa ng'ombe uliowahi kumdanganya. Basi mashine ya kampuni moja ya mawe ilipochimba shimo la kupimia mawe nyuma ya nyumba zao za mabati, upande wa Mukuru kwa Reuben, Nairobi, ikatupa juu goti kubwa kama sufuria, aliliinua mara moja tu.

"Hili si la ng'ombe," alisema. "Halafu limekuwa jiwe."

Kampuni ilitaka kufungua machimbo pale. Notisi zilikuwa zimebandikwa milangoni: nyumba sitini na mbili, siku thelathini. Mama Khalayi hakusoma yake hadi mwisho. Alivunjiwa nyumba mwaka wa tisini, akavunjiwa tisini na sita, akavunjiwa elfu mbili na nane, na kila mara notisi ilianza kwa "Mkazi mpendwa".

Jirani yake Opicho, kibarua wa kiwanda cha sabuni, alikuwa amesoma kwenye gazeti lililofungiwa nyama kwamba mifupa ya kale ikipatikana, uchimbaji husimama mpaka serikali ichunguze. Wakapiga simu. Mtaalamu angekuja Alhamisi.

Sasa, wengi pale walitoka Bungoma na Kakamega, na watu wa huko hawampokei mgeni kwa uchafu. Jumatano Mama Khalayi aligawa waya za kusugulia sufuria. Akina mama wakashuka shimoni, wakaitoa mifupa, wakaisugua kwa sabuni ya kina Opicho, wakaisuuza mara mbili, wakaianika. Kisha wakaipanga juu ya kitambaa cha meza cha kanisa, mirefu nyuma, mifupi mbele, kama kwaya.

Daktari Mutheu, mtaalamu mwenyewe, aliinua mfupa mmoja kutoka kwenye ile kwaya, akaunusa.

"Nani ameosha?"

"Ni sisi," alisema Mama Khalayi. "Karibu, daktari. Chai iko."

Mutheu alikaa bila kuonyeshwa kiti. Akaeleza polepole, kama mtu anayeleta habari za msiba. Huyu ni nyati wa kale, wa aina iliyokwisha duniani. Lakini mfupa hutoa ushahidi ukiwa umelala ulipolala, na udongo wake. Huu umeamshwa na kuogeshwa. Nani atathibitisha ulitoka hapa?

Bwana Munyoki wa kampuni, mwenye buti safi, alikohoa. "Kwa kifupi, imetoka buchari."

"Buchari gani inauza mawe, boss?" Opicho aliuliza. "Tuonyeshe tukaulize bei ya robo."

Watu walicheka. Mama Khalayi hakucheka. Waya alizigawa yeye.

"Daktari, na kama kuna kipande hatukukitoa?"

"Kwa nini hamkukitoa?"

"Kilikataa. Ni pembe. Tulivuta watu wanne. Imeingia kwenye ukuta wa shimo, inaelekea huko." Akaonyesha mlango wake mwenyewe.

Mutheu alishuka na tochi. Aliporudi alikuwa na udongo puani. Kichwa kizima kiko, alisema, na hakijaguswa. Ila ukikifuata kutoka shimoni, udongo utaporomoka. Lazima kifukuliwe kutoka juu. Na juu kuna nyumba.

"Kibali cha kuvunja nyumba ya mtu ni miezi mitatu," alisema.

"Sisi tumebakisha siku tisa," alisema Opicho.

Mama Khalayi aliingia ndani. Wakamsikia akiburuta vitu. Akatoa godoro, sufuria ya supu, na picha ya marehemu mumewe, ambayo alimpa Munyoki ashike. Kisha akatoka na nyundo.

"Mayi, mama yangu, ngoja kamati ya wakazi ikae kwanza," Opicho alisihi.

"Kamati ilikaa Jumatatu. Ikakubali tuoshe mifupa."

"Mama," alisema Munyoki, picha kifuani, "ukijivunjia mwenyewe hakuna fidia."

"Nitajie mwaka niliolipwa."

Mama Khalayi akang'oa msumari wa kwanza.

Siku ya tatu paji la nyati lilitokea, sawasawa na pale kitanda kilipokuwa. Uchimbaji wa mawe ukasimamishwa. Nyumba sitini na moja zilibaki zimesimama, na Mama Khalayi akawa analala kwa Opicho, kati ya jiko na mtungi wa maji. Kila asubuhi alimpelekea Mutheu supu pale shimoni, na kumkaripia kwa kumwaga udongo njiani.