Eda ya Swaumu

Hasham alifukuzwa nchini kwa ajili ya kisima. Mlowezi mmoja alikizungushia uzio kule Kizota, ng'ombe wa Wagogo wakashinda na kiu. Hasham, muuza nguo wa Dodoma, akaenda bomani akasema mbele ya watu kwamba maji ni ya Mungu. Wajerumani wakamjibu kwamba yeye ni Mhindi, raia wa Mwingereza, na mgeni mkorofi hurudishwa kwao.

"Kwao ni Kondoa," mkewe, Swaumu, alimwambia Bwana Mkubwa wa boma. "Kazaliwa Kondoa, katahiriwa Kondoa."

Karani Khamisi akafasiri, akasikiliza jibu, akakohoa. "Bwana Mkubwa anasema kwao ni Bombei. Anasema pia sheria za mataifa zinataka mke afuate uraia wa mume. Kwa hiyo, mama, hata wewe ni mgeni. Funga mizigo."

Swaumu alikuwa Mrangi; babu wa babu yake alizikwa kwenye vilima vya Kondoa. Akauliza kama huko Bombei kwao wanalima mtama. Khamisi hakulifasiri hilo.

Siku ya safari, stesheni, Hasham alimtazama mkewe amekaa juu ya furushi, macho yamemvimba. Akashindwa kuvumilia. Akawaita wapagazi wawili Waislamu wawe mashahidi.

"Swaumu, nimekuacha talaka moja. Baki kwenu."

Askari wakaliacha furushi lake, kwa kuwa mwenyewe hakuwa mgeni tena. Swaumu alilia mpaka moshi wa treni ukapotea, kisha akarudi nyumbani kukaa eda.

Bombei hawakumpokea Hasham. Walisema aliyezaliwa kwa Mjerumani ni wa Mjerumani, wakampakia tena melini. Alishuka Mombasa, akavuka mpaka pamoja na wachunga mbuzi, akaja kwa miguu hadi Dodoma, nyayo zimepasuka na ndevu zimefika kifuani.

"Mke wangu, nimekurejea," alisema mlangoni.

Swaumu akashika mwimo. Moyo ulitaka kumrukia.

"Eda imekwisha juma lililopita," alisema. "Ukinitaka, lete posa kwa kaka yangu."

Kaka yake, Shaaban, alikaa Chemba. Hasham alikwenda usiku uleule, hata miguu hakuosha. Wakaozwa hukohuko, wakabaki hukohuko wakilima mtama. Wa bomani hawakualikwa.