Walionyamaza Ndege Ikipita

Watu wa Harlsey walikuwa na namna yao ya kuzungumza. Ndege iliposhuka kwenda kutua, ikapita juu ya mapaa chini kiasi cha kutikisa vikombe kabatini, msemaji alikata neno lake katikati, akanyamaza, akangoja. Ilipokwisha kupita alilipokea neno pale pale alipoliacha, bila kuomba radhi na bila kupoteza maana. Hakuna aliyewafundisha. Mtoto alizaliwa akaikuta desturi hiyo kama alivyoikuta mvua. Mgeni alijulikana mara moja, kwa kuwa mgeni hupaza sauti ashindane na ndege, na aliyeshindana na ndege hajapata kushinda.

Enid Tarrant alikuwa ameishi hapo, ukingoni mwa London upande wa magharibi, tangu siku aliyoolewa. Mumewe, Wilfred, alilala nyuma ya kanisa. Mazishi yake yalifanywa baada ya saa tisa alasiri, kwa maana saa tisa ndiyo saa ambayo ndege hubadilisha njia: wiki hii hutua juu ya kijiji asubuhi na kukiachia utulivu jioni, wiki ijayo kinyume chake. Harusi, maziko na usingizi wa mchana, vyote Harlsey ilivipanga kwa ratiba hiyo. Uwanja wa Ndege ulikuwa jirani mwenye kelele, lakini jirani mwenye kelele anaweza kuzoeleka.

Sasa jirani huyo alitaka kuingia ndani. Serikali ilitaka ijengwe njia ya tatu ya kurukia na kutua ndege, na njia hiyo, kwa ramani zote zilizopata kuchorwa, ilipita jikoni mwa Enid na juu ya kaburi la Wilfred.

Jambo hilo lilikuwa limebishaniwa kwa miaka mingi kuliko umri wa baadhi ya mawaziri waliolibishania. Serikali moja iliruhusu, iliyofuata ikafuta, ya tatu ikaunda tume, na tume ikapendekeza kile kile kilichofutwa. Waliotaka walisema kwamba mji mkuu usio na nafasi ya ndege ni sawa na duka lisilo na mlango. Waliokataa walijibu kwamba mlango huo unatobolewa vifuani mwa watu. Katikati ya maneno hayo, majira ya kuchipua yaliyopita, watu wa Harlsey walikutana katika ukumbi wa kanisa wakapeana mikono, mmoja baada ya mwingine, kwamba hakuna atakayeuza nyumba yake kwa Uwanja. Mbunge wao alikuwa amewaambia waziwazi: watu waliotawanyika Bunge huwahamisha bila kufumba jicho, bali kijiji kizima kinachokataa kwa sauti moja huwatia haya hata wanasiasa.

Enid aliushika mkono ule kama kiapo. Mjumbe wa Uwanja, Bwana Keating, alikuwa amebisha mlangoni kwake mara kadhaa. Masharti yake yalikuwa mepesi kuyaelewa: atakayeuza kwa hiari kabla ya saa kumi na moja jioni ya Ijumaa ya pili ya Desemba angelipwa vizuri na kujichagulia siku ya kuondoka, atakayebaki angengojea amri ya sheria, na amri haimwulizi mtu siku. Kila mara Enid alimjibu kwa adabu, kisha akafunga mlango.

Ijumaa yenyewe ilifika. Kijiji kiliitwa mkutanoni, Mbunge ahesabu mikono na kuipeleka habari yake Bungeni wiki iliyofuata. Enid alikwenda kwa miguu akifuatana na Harbans Dhaliwal, mwenye duka, ambaye baba yake alilifungua duka hilo alipofika kutoka Punjab.

"Shangazi, umeiona saa ya mkutano?" Harbans aliuliza. "Saa nane. Desmond amezeeka au ameanza kunywa mchana?"

"Desmond hanywi kabla ya chakula cha jioni."

"Basi amezeeka. Wiki hii ndege ni zetu mpaka saa tisa. Mbunge tutamsikia kwa vipandevipande, kama redio ya marehemu baba."

Enid alicheka kidogo, lakini kicheko hakikushuka moyoni. Desmond Pask alikuwa mwenyekiti wao tangu mapambano yalipoanza. Ratiba ya ndege aliijua kama alivyojua jina la mama yake, wala hakupata kuitisha mkutano chini ya ndege hata mara moja.

Ukumbini birika kubwa la chai lilikuwa likifuka mvuke, na viti vyote vilijaa. Walikuwamo hata watu ambao Enid hakuwa amewaona madukani kwa muda mrefu. Walimsalimu kwa uchangamfu, wakamwuliza habari za goti lake, kisha wakatazama pembeni.

Desmond alisimama. "Majirani zangu," alianza, "leo tunampa Mbunge wetu silaha moja tu, nayo ni umoja wetu. Wakimwuliza kule Bungeni nani anapinga, atajibu..."

Ndege ilishuka. Madirisha yalitetema, kijiko kikalia ndani ya kisahani. Na Desmond aliendelea kusema.

Enid alimtazama. Midomo ya Desmond ilikuwa ikienda, mkono wake ukipiga hewa, na hakuna neno lililosikika. Kishindo kilipopungua alikuwa amekwisha kufika mwisho wa sentensi nyingine.

Bwana Keating alikaribishwa naye aseme, kwa kuwa haki haina budi kuonekana inatendeka. Alikuwa kijana mwembamba, mwenye suti safi na sauti ya upole.

"Sikuja kugombana na mtu," alisema. "Nawaombeni mfikiri tu. Vijana wenu wengi wanakula kwa Uwanja."

"Na wazee wao wanakula moshi wake," mzee mmoja alidakia kutoka nyuma, na watu wakacheka.

"Baada ya hii hatutahitaji nyingine."

"Kila mara mnasema hii ndiyo ya mwisho. Mjomba wangu naye alisema hivyo hivyo juu ya bia, mpaka tukamzika."

Kicheko kiliongezeka. Keating naye alitabasamu, akafungua kinywa ajibu. Mngurumo ulikaribia. Alikifunga kinywa, akaiinamisha shingo kidogo, akangoja kama mzaliwa wa pale, na ndege ilipokwisha kupita alijibu kwa utulivu, "Mjomba wako angekuwa na njia ya tatu, asingekosa pa kutua alipolewa." Hata waliompinga walicheka.

Enid hakucheka. Mtu wa Uwanja alikuwa ameijua desturi ya Harlsey, na mwenyekiti wa Harlsey alikuwa ameisahau.

Ndege iliyofuata ilipokuja hakutazama dari wala kitambaa cha meza. Alitazama vinywa. Wanawake wawili karibu na birika walikuwa wakinong'onezana, na waliendelea kunong'onezana. Mzee wa mjomba na bia alikuwa akimsimulia jirani yake jambo, na alizidi kulisimulia, amekunja uso na kupaza sauti kama mgeni. Mstari wa mbele, mstari wa dirishani, kila alipogeuza macho palikuwa na midomo ikicheza ndani ya kishindo. Walionyamaza walikuwa wachache, wametapakaa kama meno ya mzee. Harbans alikuwa miongoni mwao.

Mtu hupoteza desturi kama hiyo kwa namna moja tu: kwa kulala mahali pengine, pasipo na ndege, usiku mwingi mfululizo.

Enid alisimama kabla hajajishauri. "Naomba kumwuliza mwenyekiti jambo."

"Uliza, dada yangu Enid."

"Jana ulilala wapi, Desmond?"

Harlsey haimwulizi jirani mambo ya nyumba yake. Jirani huulizwa habari za mbwa wake, mawaridi yake na mgongo wake. Nyumba, fedha na wosia havitajwi hata kitandani mwa mgonjwa. Enid alizisikia pumzi zikivutwa, akafahamu kwamba aibu iliyokuwa ikizagaa mle haikumwangukia Desmond. Ilimwangukia yeye.

"Hayo si mambo ya mkutano," Desmond alisema taratibu. Shingo yake ilikuwa imeiva wekundu.

"Kaa, mpenzi," mwanamke mmoja alimnong'oneza Enid, akimvuta mkono. "Umechoka."

"Sijachoka. Nimeuliza swali jepesi."

"Tuendelee na kura," Mbunge alisema haraka, naye hakujua alichokuwa akikiokoa. "Wanaopinga njia ya tatu wanyanyue mikono."

Mikono ilinyanyuka yote. Ukumbi mzima, tangu mbele hadi mlangoni, haukuwa na mkono uliobaki chini isipokuwa mikono ya Keating, iliyotulia magotini pake. Mbunge aliinua uso, macho yakimng'aa. Alisema kwamba katika maisha yake ya siasa hakuwa ameona umoja wa namna hiyo. Watu walipiga makofi, nao makofi yao yalikuwa ya kweli. Hilo ndilo lililomtisha Enid kuliko yote.

Saa tisa ilikuwa imepita zamani walipotoka, na mbingu ilikuwa kimya. Jua la Desemba lilikuwa limezama. Enid alimngoja Harbans penye ukuta wa makaburi.

"Wewe ulinyamaza," alimwambia. "Ndege zilipopita, wewe ulinyamaza. Niambie kwamba wewe hukuuza."

Harbans aliangalia viatu vyake. "Shangazi, sisi tulitia sahihi mwezi wa nane. Tumepanga chumba juu ya duka letu wenyewe mpaka watakapotutoa. Ndiyo maana bado nanyamaza."

"Na Desmond?"

"Yuko kwa binti yake, Norfolk, tangu majira ya joto. Huja kwa gari kwa ajili ya mikutano."

"Mlijuana?"

"Mwanzoni, hapana. Kila mtu alidhani ameuza peke yake, akaona haya, akaendelea kuja. Kisha tukaanza kukutana ofisini kwa Keating, mmoja anatoka, mwingine anaingia. Tukasalimiana, tukaulizana habari za mbwa. Hakuna aliyethubutu kukuambia. Tulisema, tukiendelea kukutana, labda Bunge litakataa, nawe hutajua kamwe."

"Kwa hiyo mkutano wote huu ulikuwa kwa ajili yangu."

"Bado una nafasi, Shangazi. Saa kumi na moja haijafika. Twende nikusindikize kwake."

Enid alimgusa bega, kama mtu agusavyo bega la mfiwa, akashika njia yake. Langoni Keating alikuwa amesimama kando ya gari lake. Alivua kofia.

"Bi Tarrant, nitakuwa hapa mwisho wa mtaa wenu mpaka saa ifike. Sina haraka."

"Nimeona," Enid alijibu. "Umejifunza kungoja vizuri."

Mtaa wake ulikuwa umetandwa na giza la jioni. Michongoma ilikuwa imekatwa sawasawa, mapazia yamening'inia, milango imepakwa rangi. Alikuwa ameupita mtaa huo kila jioni akizitazama taa za majirani na kujifariji kwamba wamo. Hakuwahi kuupita mapema kiasi hiki.

Alikuwa katikati ya njia taa zilipowaka. Hazikuwaka moja moja, kama ziwakavyo taa za watu, huyu akitafuta miwani, yule akianza kumenya viazi. Ziliwaka kwa pamoja, kulia na kushoto, tangu nyumba ya kwanza hadi ya mwisho, kwa mlio mmoja mdogo wa saa za kuwashia taa zilizofungwa ukutani ili wezi wasijue kwamba mtaa ni mtupu. Katika madirisha yote hapakupita kivuli.

Nyumba moja tu ilibaki gizani, nayo ilikuwa ya kwake.

Aliingia, akasimama sebuleni bila kuvua koti, mkono ukiwa juu ya swichi. Mwisho wa mtaa, ndani ya gari lililozimwa, palikuwa na mtu aliyekuwa akitazama. Taa itakayowaka sasa, ikiwa imechelewa, ingemwonyesha nyumba ambayo bado ina mtu, nyumba moja tu ya kushughulikiwa. Giza nalo lingemwambia kwamba mwenye nyumba yuko njiani kuja kutia sahihi.

"Wilfred," alianza, halafu akanyamaza, akangoja ndege ipite. Hapakuwa na ndege. Alingoja vivyo hivyo, mpaka saa ya kanisa ilipogonga saa kumi na moja na kumaliza.

Kisha akaiwasha taa. Mwisho wa mtaa, taa za gari nazo zikawaka, lakini gari halikuondoka; likaendelea kungoja.